Spika yako inalia kama mbu? Chunguza waya kabla ya kufungua mfuko

Leo katika ukumbi wetu wa fundi wa nyumbani tutazungumzia ugonjwa unaowasumbua wengi wanaojiundia spika za betri, zile zinazopokea muziki kutoka kwa simu bila waya kwa njia ya Bluetooth. Ugonjwa wenyewe ni kelele. Sisemi muziki wa juu unaomkosesha jirani usingizi. Hiyo ni kesi ya chifu. Nasema ule mlio ambao hukuualika, mwembamba kama wa mbu, unaoanza mara tu simu inapounganishwa na spika, na usiokoma hata wimbo unapokoma.

Aliyenifanya nichague mada hii ni kijana mmoja wa Witeithie. Wewe unayesafiri katika barabara kuu ya Thika bila shaka umepapita, kati ya Juja na mji wa Thika. Jina la mahali hapo kwa lugha ya Kikuyu maana yake ni "jisaidie", yaani usikae ukingoja mkono wa mwingine. Kijana huyu alikuwa amelifuata jina la kwao. Alipomaliza kidato cha nne na kukosa karo ya chuo, alijifunza kuunda spika: sanduku la mbao, seli mbili za betri alizozitoa katika kompyuta kuukuu ya mkononi, bodi ndogo ya amplifaya na bodi ndogo zaidi ya Bluetooth. Aliwauzia wenye vibanda na wahudumu wa bodaboda, akapata riziki yake.

Mambo yaliharibika alipopata oda kubwa kuliko zote. Chama cha akina mama, ambacho mamake ndiye mweka hazina, kilitaka spika ya kutumia katika mikutano ya Jumamosi. Mama alimpendekeza mwanawe, nao wakampa amana ya shilingi 3,000. Siku ya kuikabidhi, nyimbo zilichezwa vizuri. Kisha muziki ukasimamishwa, mama mmoja akainuka kuomba, na spika ikaendelea kulia peke yake: niii, niii, tik tik, niii.

"Hakuna aliyesema neno," mama huyo aliniambia nilipowatembelea katika ploti yao. "Lakini hawakuitazama spika. Walinitazama mimi." Kisha akamgeukia mwanawe, ambaye yeye humwita "baba" kwa kuwa amepewa jina la babake mzazi: "Baba, mimi nilikuombea kazi. Sikukuombea aibu."

Kijana aliinamisha kichwa. Tayari alikuwa amenunua amplifaya ya pili, kisha ya tatu. Amana iliisha, mlio haukuisha. Na katika kukata tamaa kwake alikuwa amefanya jambo jingine ambalo lilinifanya niweke chini bisibisi na kukataa kuendelea. Mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba bodi ya ulinzi wa betri ndiyo iletayo kelele, naye akaiondoa.

Msomaji, hapa ndipo tutakapoanzia, maana hata kama hutasoma sehemu nyingine yoyote ya makala haya, nakuomba usome hii.

USALAMA KWANZA

Seli nyingi za betri zinazopatikana katika kompyuta kuukuu za mkononi ni za lithiamu, za aina iitwayo 18650, kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake ni milimita 65. Seli moja huhesabiwa kuwa na volti 3.7, na ikijaa hufika volti 4.2. Ukiziunga mbili kwa kufuatana utapata volti 7.4, na zikijaa volti 8.4.

Seli hizi hubeba nguvu nyingi katika umbo dogo. Ukizichaji kupita kiasi, ukizikausha mno, au waya wake chanya na hasi zikagusana, hupata joto. Joto hilo likipita mpaka huzaa joto jingine ndani ya seli yenyewe, hata ikalipuka moto. Moto wake hutoa moshi wenye sumu, na seli iliyodhaniwa imezimika huweza kuwaka tena. Sasa hebu fikiria moto huo ndani ya sanduku la mbao, sebuleni, akina mama kumi wakiwa wamekaa na watoto wao.

Bodi ya ulinzi ni kidude cha bei ndogo kinachokata umeme mambo hayo yanapotaka kutokea. Kweli, kina ukinzani kidogo, lakini si mama wa mlio wa mbu. Kukiondoa ili upate ukimya ni sawa na kung'oa breki za matatu kwa sababu zinapiga kelele.

Kwa hivyo shika haya. Usiunde spika ya lithiamu bila bodi ya ulinzi inayolingana na idadi ya seli zako. Tumia chaja iliyotengenezewa seli hizo. Kwa seli mbili zinazofuatana ni ile ya volti 8.4, wala si chaja yoyote inayoingia tunduni. Usiunganishe seli mpya na kuukuu, wala zenye volti tofauti. Seli iliyobonyea, iliyochanika ganda, inayovuja au inayopata joto ikiwa imelala tu, usiitumie, na usiitupe jalalani wala motoni. Na usichaji spika usiku ukiwa umelala, wala juu ya godoro.

Kijana alisikia. Aliitafuta bodi ya ulinzi katika mkebe wa vyuma, tukairudisha mahali pake, tukaipima kwa mita. Ndipo tukaanza kazi.

KELELE HUJITAMBULISHA

Daktari mwema humsikiliza mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Vivyo hivyo, kabla hujanunua kifaa chochote, kaa mahali patulivu, sikiliza kelele yenyewe inavyosema, na uangalie inaanza lini na kukoma lini.

Ikiwa ni "shhhh" laini isiyobadilika, kama mvua ya mbali, hiyo kwa kawaida ni pumzi ya amplifaya yenyewe. Kila amplifaya ina pumzi yake. Huzidi pale unapoweka sauti ya simu chini na kuifungua amplifaya hadi mwisho. Fanya kinyume: sauti ya simu iwe juu, karibu na mwisho, kisha upunguze kwenye amplifaya. Mara nyingi dawa ni hiyo tu, na haina gharama.

Ikiwa ni mngurumo mzito, "mmmm", unaosikika tu spika inapochajiwa, mshukiwa ni chaja. Umeme wa nyumbani hapa Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na chaja isiyochuja vizuri huuachia mtetemo huo, au mlio mwingine wa kwake, ukaingia kwenye spika. Chomoa chaja. Kelele ikikoma, umempata mwizi. Tafuta chaja bora, au usicheze muziki wakati wa kuchaji.

Ikiwa ni "tit-tit-tit-drrr" inayokuja kwa vipindi, hasa kabla tu simu haijaita, basi ni simu iliyo karibu, nayo inazungumza na mnara kwa mtandao wa 2G. Simu ya namna hiyo hurusha mawimbi yake kwa vishindo vipatavyo 217 kila sekunde, na nyaya za spika huvidaka. Iondoe simu, uiweke hatua mbili au tatu kutoka hapo.

Ikiwa ni "po, po, po" au spika inazimika na kuwaka kila ngoma nzito inapopigwa, betri imelemewa. Ama seli zimechoka, ama nyaya za umeme ni nyembamba mno. Tumia nyaya nene na fupi kutoka betri hadi amplifaya, na uongeze kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi, ya volti 16, kwenye mlango wa umeme wa amplifaya. Kuwa mwangalifu: kapasita ya aina hii ina chanya na hasi, na ukiigeuza huweza kupasuka.

Ikiwa ni mkwaruzo unaofuata besi, usikimbilie umeme. Bonyeza kuta za sanduku kwa kiganja huku muziki ukicheza. Mkwaruzo ukikoma, kuna skrubu iliyolegea, ubao usioshika gundi, au waya unaogusa karatasi ya spika. Hapo dawa ni bisibisi na gundi.

Lakini ikiwa ni mlio mwembamba wa mbu, unaochanganyika na "tik tik", unaoanza pale bodi ya Bluetooth inapowashwa na kugeuka sauti simu inapounganishwa, basi una ugonjwa ule ule wa kijana wetu. Huo unahitaji maelezo.

MAJI MACHAFU KATIKA MFEREJI WA MAJI SAFI

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya karibu gigahezi 2.4, yaani mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde. Sikio la binadamu haliwezi kuyasikia hayo kamwe. Sisi huanzia kama mitetemo 20 na kuishia kama 20,000 kwa sekunde, na wazee wengi hawafiki huko juu. Basi tunasikia nini?

Tunasikia jinsi bodi hiyo inavyokunywa umeme. Bluetooth haizungumzi kwa mfululizo. Husema kidogo, husikiliza kidogo, na kuhama kutoka masafa hadi masafa, hata kufikia mara 1,600 kwa sekunde. Kila inaposema hugugumia umeme, na kila inaponyamaza hupunguza. Migugumio hiyo, mamia au maelfu kwa sekunde, imo kabisa ndani ya uwezo wa masikio yetu.

Sasa umeme ulioingia kwa waya chanya lazima urudi betrini kwa waya hasi, ambao mafundi huuita groundi. Na hapa ndipo penye siri. Bodi ya Bluetooth ndani ya spika ina njia mbili za kurudi. Ya kwanza ni waya wake hasi wa umeme. Ya pili ni ule waya hasi wa sauti, unaokwenda sambamba na waya za kushoto na kulia kuingia kwenye amplifaya, ambayo nayo imeungwa kwenye betri ile ile. Umeme hauna adabu ya kuchagua mlango wa nyuma. Hupita kote kuwili, sehemu huku na sehemu kule. Ile sehemu inayopita katika waya wa sauti ndiyo maji machafu katika mfereji wa maji safi.

Huenda ukasema, "Lakini waya ni waya, una ukinzani gani?" Tufanye hesabu ndogo. Tuseme waya huo pamoja na viungo vyake una ukinzani wa omu 0.05 tu, na mgugumio unaopita hapo ni wa ampea 0.1. Zidisha: utapata volti 0.005, yaani milivolti 5. Ni kidogo sana. Lakini amplifaya hukuza kila kinachoingia mlangoni mwake, na haijui muziki ni upi na uchafu ni upi. Ikikuza mara 20, milivolti 5 zinakuwa milivolti 100 kwenye spika. Katika chumba kitulivu, mtu anapoomba, hizo zinatosha kabisa kukuaibisha.

Ndiyo sababu amplifaya tatu za kijana zote zililia. Hazikuwa mbovu. Zilikuwa zikikuza kwa uaminifu kile zilichopewa.

Na usidhani ugonjwa huu umezaliwa juzi. Simu za kwanza za karne ya 19 zilitumia waya mmoja tu kwenda, na kuiachia ardhi kazi ya kurudisha umeme. Zilipokuja tramu za umeme mijini, ambazo nazo zilirudisha umeme wao ardhini, simu zikajaa mngurumo. Dawa ilikuwa kuipa kila simu njia yake ya kurudi, yaani waya wa pili. Alexander Graham Bell mwenyewe alipata hataza mwaka wa 1881 ya kutumia waya mbili zilizosokotwa pamoja kupunguza kelele kama hizo. Somo ni lile lile: usimwache mwenye fujo arudi kwa njia ya mwenye maneno.

USIKISIE, TENGANISHA

Kijana alikuwa amekisia mara tatu, na kila kisio lilikula pesa. Sisi siku hiyo hatukununua kitu. Tulitenganisha vifaa, kimoja baada ya kingine, tukisikiliza. Fuata hatua hizi, na kila unapogusa waya, zima swichi kwanza.

Hatua ya kwanza: chomoa chaja na uondoe simu zote zilizo karibu. Sikiliza. Kwa kijana, mlio ulibaki.

Hatua ya pili: zima spika, chomoa nyaya za sauti zinazotoka kwa Bluetooth kuingia kwenye amplifaya, kisha uunge milango ya kuingizia sauti ya amplifaya na groundi yake hapo hapo kwa kipande kifupi cha waya. Washa. Kama mlio bado upo, shida iko kwa amplifaya au kwa umeme wake. Kwa kijana, palikuwa kimya, ila pumzi kidogo. Amplifaya ikaondolewa mashtaka.

Hatua ya tatu: zima tena, ondoa kile kipande kifupi cha waya, na uzime umeme wa Bluetooth. Chukua simu au redio yenye tundu la jeki ya milimita 3.5, ikitumia betri yake yenyewe wala si chaja, uiunge moja kwa moja kwenye amplifaya. Kwetu muziki ulitoka safi. Hivyo nyaya na spika zikaondolewa mashtaka pia.

Hatua ya nne ndiyo hukumu. Rudisha nyaya za sauti za Bluetooth, lakini bodi hiyo usiipe umeme wa spika. Fungua waya wake chanya na hasi pia, kisha uilishe kwa betri ya pembeni, kwa mfano pawabenki ya volti 5. (Pawabenki nyingine hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo, ikijizima usitishike.) Sasa Bluetooth imebaki na njia moja tu ya kurudi, ile ya betri yake. Waya wa sauti umebaki na kazi ya sauti peke yake.

Kijana aliwasha. Akaunganisha simu. Akafungua sauti hadi mwisho bila wimbo. Kimya. Mamake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliinua uso akauliza, "Imeharibika?"

TIBA

Ukishajua ugonjwa, tiba ziko kadhaa. Anza na ile isiyo na gharama.

Tiba ya kwanza ni kupanga upya nyaya. Kijana alikuwa ameunga waya hasi kwa mnyororo: kutoka betri hadi amplifaya, kutoka amplifaya hadi kipunguza volti, kutoka hapo hadi Bluetooth, tena kwa waya mrefu mwembamba. Badala yake kila bodi ipewe waya wake hasi unaokwenda mahali pamoja, yaani pale umeme unapotoka kwenye bodi ya ulinzi. Nasema unapotoka, si kwenye seli zenyewe, la sivyo utakuwa umeiruka bodi ya ulinzi. Nyaya za umeme ziwe fupi na nene, na chanya na hasi zisokotwe pamoja. Za sauti ziwe fupi na zipitie mbali na za umeme. Na antena ya bodi ya Bluetooth, ule mchoro wa nyoka ulio pembeni mwake, isifunikwe na bati wala betri.

Tulifanya hivyo. Mlio ulipungua sana, lakini haukuisha. Nakueleza hili ili usije ukafanya nusu ya kazi ukasema nilikudanganya. Bado njia zilikuwa mbili, ila ile ya haki imekuwa pana zaidi.

Tiba ya pili ni kuchuja. Weka kapasita ya mikrofaradi 470 pamoja na ndogo ya mikrofaradi 0.1 karibu kabisa na mlango wa umeme wa bodi ya Bluetooth. Hizo huwa kama mtungi wa maji jikoni: bodi inachota hapo migugumio yake badala ya kukimbilia kisimani kila mara. Hii nayo hupunguza.

Tiba ya tatu ndiyo inayomaliza. Ni kigeuzi kidogo cha umeme kinachotenganisha, kama kile kinachouzwa kwa jina la B0505S. Kinapokea volti 5 na kutoa volti 5, jambo linaloweza kukuchekesha, lakini ndani yake kuna transfoma ndogo, hivyo umeme unavuka kwa sumaku bila waya wa upande huu kugusana na wa upande ule. Kile cha wati 1 hutoa hadi ampea 0.2, kwa hivyo pima kwanza bodi yako inakula kiasi gani. Usije ukaunganisha hasi ya kuingia na hasi ya kutoka. Ukifanya hivyo umerudisha ugonjwa. Na usidanganywe na kile kipunguza volti cha kawaida. Hicho hasi yake ya kuingia na ya kutoka ni moja, hakitenganishi chochote. Kijana alikuwa nacho tangu mwanzo, na ndicho kilichopunguza volti za betri hadi 5. Kigeuzi kipya kiliwekwa baada yake.

Tiba ya nne ni kutenganisha upande wa sauti badala ya umeme, kwa kisanduku chenye transfoma mbili ndogo za sauti, moja ya kushoto na moja ya kulia. Ni rahisi kukitia, kwani huhitaji hata kuchomelea risasi kikiwa na jeki. Upungufu wake ni kwamba kile cha bei rahisi hupunguza besi.

Neno moja la tahadhari. Amplifaya nyingi ndogo za kisasa hazitaki waya hasi wa spika kuungwa na groundi, wala hasi za spika mbili kuungwa pamoja. Kila spika iwe na waya zake mbili. Ukizichanganya huenda ukaiunguza bodi, na hapo utapata ukimya usioutaka.

ALIYEJISAIDIA

Siku hiyo niliondoka Witeithie kabla ya kigeuzi kununuliwa. Pesa hazikuwapo, na sikumpa. Nilimwambia auze zile amplifaya mbili za ziada, ambazo hazikuwa na kosa lolote, apate za kununulia. Alifanya hivyo. Alikitia kigeuzi, na kwenye mgongo wa sanduku akabandika karatasi aliyoiandika kwa mkono: "Usichaji ikiwa hakuna mtu." Sikumwambia abandike. Hilo lilinifurahisha kuliko ukimya wenyewe.

Jumamosi mbili baadaye mamake alinipigia simu. Nilimuuliza mkutano ulikwendaje. Akasema nyimbo zilikwenda, kisha muziki ukasimamishwa, mtu akainuka kuomba, naye akafumba macho huku moyo ukimdunda.

"Ukasikia nini?" nikauliza.

"Kuku wa jirani," akajibu. Akacheka. Salio la kijana lililipwa siku hiyo hiyo, na dada mmoja wa chama ameulizia ya nyumbani kwake.

Nawe msomaji, ikiwa una spika inayolia pembeni mwa nyumba, na umekwisha kuihukumu kwenda kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu, ipe kwanza hatua hizo nne. Haraka haraka haina baraka, wahenga walinena, na hakuna pahali neno hilo linapotimia kama kwenye nyaya za umeme. Aliye na haraka hununua. Aliye na subira hutenganisha na kusikiliza. Lakini ukikuta bodi ya ulinzi imeondolewa, usiiwashe hata dakika moja hadi uirudishe.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma lenye heri na nyumba yenye utulivu.